Kisigino cha Kushoto

Mwezi uliopita binti yangu alirudi kutoka mazoezini akinuka dawa ya kuchua, ile nyeupe inayouma puani kabla haijauma mwilini. Mwalimu wao wa riadha alikuwa amempaka kwenye ugoko na kumwambia kesho atakuwa mzima. Nilikuwa jikoni nakaanga samaki, na harufu ya samaki si ndogo, lakini ile ilipenya ikanifikia. Nikazima jiko. Nikamwambia akaoge, ajisugue kwa sabuni mpaka iishe. Aliniangalia kama mtu anayeona mama yake ameanza kuchanganyikiwa, na sikumlaumu.

"Mama, si dawa tu?"

"Nimesema kaoge."

Alipotoka bafuni alikaa kwenye kochi, akanyoosha mguu na kuuweka mapajani mwangu ili nimkande. Nikasema nina kazi jikoni. Nina binti wa miaka kumi na miwili na sijawahi hata siku moja kumkanda mguu. Kila akininyooshea, mimi hupata kazi jikoni. Safari hii nilisimama mbele ya samaki waliopoa, nikaishika meza, nikasikia kwa mbali kabisa sauti ambayo nilidhani wengine wote wa nyumba yetu ya utotoni, Yombo, waliishi bila kuijua.

Nilizaliwa nimetanguliza miguu. Wa rika langu waliokulia Yombo, Tandika au Mtoni hawahitaji maelezo, lakini watoto wetu watacheka, basi niseme. Mtoto anayetoka tumboni kwa miguu badala ya kichwa, miguu yake huhesabiwa kuwa dawa. Mtu akiteguka mgongo, au akishtua mshipa kwa kubeba mzigo, hutafutwa mtoto wa namna hiyo amkanyage. Mtaani kwetu mtoto huyo nilikuwa mimi. Walikuja asubuhi, jua halijapata nguvu: wapagazi wa sokoni, akina mama walioinua ndoo vibaya, na fundi muashi mmoja mnene aliyekuwa akiteguka kila mwezi mpaka Bibi akasema huyu anapenda tu kukanyagwa. Walilala kifudifudi juu ya jamvi uani. Mimi nilitolewa kitandani sijanawa uso wala kuongea na mtu, Bibi akanishika mkono, nami nikaweka kisigino cha kushoto pale panapouma, mara tatu. Basi. Mgonjwa aliinuka, akajishika kiuno, akasema, "Alhamdulillahi, kunaachia." Nami nikapewa kitumbua.

Nilikuwa na miaka minane na sikuwa na shaka hata kidogo. Wenzangu waliringia viatu vya sikukuu, mimi niliringia nyayo. Nilikuwa naziosha kwa makini kuliko uso.

Mwenye kazi hasa alikuwa Bibi. Alikuwa mkandaji. Mwanamke akijifungua mtaani, Bibi aliitwa kumkanda kwa maji ya moto mpaka arobaini iishe, na mtu akiteguka kifundo alikuja kwetu kuchuliwa. Vidole vyake vilikuwa vifupi na vinene, na vilinuka mafuta ya nyonyo na karafuu hata akitoka kuoga. Alinipa sheria moja, na aliirudia kila asubuhi kana kwamba sijawahi kuisikia.

"Unagusa, hukanyagi. Umesikia, mjukuu wangu? Mguu wako unayaita maradhi yatoke. Hauyasukumi."

"Nimesikia, Bibi."

"Na mfupa si kazi yetu. Mfupa ni wa hospitali."

Mama yetu alifanya kazi kiwanda cha nguo, kwa zamu, kwa hiyo tulimwona akilala zaidi ya tulivyomsikia akiongea. Aliyetulea ni Bibi, na aliyenilea mimi kwa mkono ni dada yangu Saumu, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu. Saumu alinisuka, alinifunga vifungo vya sare, alinipiga nilipostahili na siku nyingine bila kustahili. Alikuwa na miguu mirefu, myembamba. Watoto wa mtaani walimwita Korongo, naye hakujali, maana hakuna aliyeweza kumfikia ili amwambie vizuri.

Mbio zake ziligunduliwa kwa fimbo. Mwalimu Mapunda, mwalimu wetu wa michezo, mtu wa Songea mwenye filimbi shingoni hata akiwa anafundisha hesabu, alikuwa akiwasubiri wachelewaji getini. Siku moja Saumu alichelewa, akamwona, akageuka. Mwalimu alimfukuza kuuzunguka uwanja mzima, mara ya kwanza na mara ya pili, mpaka akainama kushika magoti akihema, na Saumu akasimama mbali akimtazama kwa huruma. Kesho yake aliandikwa kwenye timu ya mita mia nane. Fimbo alisamehewa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba imejaa, na Mama alimnunulia raba za mtumba zenye mstari wa bluu. Zilikuwa kubwa, akazijaza vitambaa mbele. Uwanja wetu ulikuwa mchanga upande mmoja na udongo mgumu kama sakafu upande mwingine, ila Saumu hakutosheka nao. Alfajiri alikimbia kwenye njia ya pembeni ya reli, juu ya kokoto, kutoka kwetu mpaka mbali nisikokujua. Mchana alikimbia na timu. Jioni alikimbia peke yake tena. Katikati ya hayo alibeba maji ndoo nne.

Sababu ya yote ilikuwa treni. Treni ya Mbeya ilipita upande wa juu wa mtaa wetu, na toka tuna akili tulikuwa tukiipungia mikono. Mwalimu Mapunda alitangaza kwamba atakayeshinda mbio za wilaya ataingia timu ya mkoa, na timu ya mkoa itakwenda kushindana Mbeya, kwa treni hiyo hiyo. Saumu alikuwa hajawahi kuvuka Kibaha.

"Nikipita hapa ntakupungia," aliniambia. "We usimame pale kwenye mnazi mfupi, uvae gauni jekundu nikuone."

"Utanipungia mkono upi?"

"Yote miwili, we mtoto."

Niliamini jambo hilo kuliko nilivyoamini kitu chochote shuleni. Nilianza kulitunza gauni jekundu.

Maumivu yalianza kwa adabu. Mwanzoni yalikuja baada ya kukimbia na yakaondoka akikaa. Kisha yakawa yanaanza katikati ya mbio. Kisha hayakungoja mbio tena. Aliumwa mguu wa kulia, upande wa ndani wa ugoko, mahali padogo ambapo kidole gumba kingepafunika. Bibi alimkalisha uani, akapapasa kutoka gotini kushuka, na alipofika pale Saumu aliruka kama aliyeguswa na moto.

"Ulianguka?"

"Sijaanguka, Bibi."

"Ulipigwa? Umejigonga?"

"Hapana, Bibi, wallahi. Inauma tu yenyewe."

Bibi aliutazama mguu ule kwa muda. Haukuwa na jeraha wala alama, umevimba kidogo tu, hata usingejua. "Kama hujaanguka wala hujapigwa, basi ni mshipa," alisema. "Mfupa hauvunjiki wenyewe."

Nimelifikiria neno hilo maisha yangu yote. Halikuwa neno la mjinga. Mtu yeyote mtaani angelisema, na daktari wa siku zile nadhani naye angelisema. Bibi alifanya alichokijua: maji ya moto na chumvi, majani ya mbarika yaliyokaushwa motoni na kufungwa kwa kitambaa, halafu mafuta, halafu vidole vile vinene vikipanda na kushuka juu ya ugoko mpaka machozi yanamtiririka Saumu bila sauti. Nilikaa pembeni nikishika koroboi ya mafuta, na nikauliza kwa nini analia.

"Maradhi yanatoka," Bibi alisema. "Yakitoka lazima yapige kelele."

Hilo nalo nililiamini.

Asubuhi zilizofuata nililetwa mimi. Saumu alilala ubavu, nikamgusa na kisigino, mara tatu, kimyakimya. Na Bibi akaamuru apumzike: asikimbie wiki mbili zote zilizobaki, labda siku yenyewe ya mashindano, Mungu akipenda. Huo ndio ulikuwa ushauri wa kweli, ule ambao ungemwokoa, na ndio pekee ambao hatukuufuata.

Maana Mwalimu Mapunda alisema tofauti. Hakuwa mtu mbaya. Alitununulia machungwa kwa mfuko wake na alimpenda Saumu kama binti yake. "Mwanangu, hakuna mwanariadha asiyeumwa," alimwambia mbele yangu. "Ukipumzika sasa, miguu inasahau. Jikaze." Saumu akajikaza. Alfajiri alitoka kana kwamba anakwenda kuchota maji, na jioni alibaki shuleni, na kazi yangu ikawa kumtetea nyumbani.

"Dada yako yuko wapi?"

"Anacheza rede, Bibi. Anarusha tu mpira, hakimbii."

Nilisema hivyo kila siku kwa wiki mbili. Nilisema vizuri sana, huku nakula. Mtoto wa miaka minane akiamua kusema uongo kwa ajili ya mtu anayempenda, hata malaika wake wanaweza kudanganyika.

Siku mbili kabla ya mashindano Saumu aliniamsha alfajiri, akaniambia inauma hata akiwa amelala. Alikuwa amekaa chini, ameukumbatia mguu. Nilitaka kumfariji. Nikamwambia asijali, Bibi akiamka nitamgusa tena.

"Miguu yako haina lolote," alisema. "Ingekuwa na kitu ningeshapona. Watu wanakupa tu vitumbua kwa kuwa we mtoto."

Sikumbuki kama nimewahi kuumia vile, utotoni au ukubwani. Nilikwenda uani, nikakaa, nikazitazama nyayo zangu. Nilitaka apone, ndiyo, na nilitaka gauni jekundu na mikono miwili dirishani. Lakini siwezi kudanganya hapa: kuanzia saa ile nilitaka pia kumwonyesha.

Ijumaa alasiri, siku moja kabla ya mbio, Bibi alikuwa ameitwa kumkanda mzazi mtaa wa pili na Mama alikuwa kazini. Saumu alirudi kutoka mazoezini akitembea kwa ncha ya mguu. Akatandika jamvi mwenyewe uani, akalala ubavu, ugoko wa kulia ukaangalia juu. Akakunja pembe ya khanga akaiweka karibu na mdomo.

"Njoo. Lakini leo usiniguseguse kama unakanyaga yai. Kanyaga kweli."

"Bibi kasema..."

"Bibi hayupo."

Niliweka kisigino cha kushoto pale pale. Nikabonyeza. Akafumba macho. "Zaidi," akasema. Nikashika ukuta kwa mkono mmoja, nikainua mguu wa pili, nikasimama juu ya dada yangu kwa uzito wangu wote. Kisha, kwa sababu ya vitumbua, kwa sababu ya *haina lolote*, nikauachia ukuta.

Nikasikia mlio. Ulikuwa mdogo tu, mkavu, kama kijiti cha muhogo mkavu kinachovunjwa na mtu aliye chumba kingine. Niliusikia zaidi kwa kisigino kuliko kwa sikio. Saumu aliuma khanga. Hakupiga kelele hata kidogo. Nikashuka haraka, na kwa muda akabaki amelala vile vile, macho wazi, akiutazama ukuta.

"Dada?"

Akavuta pumzi. Akakaa. Akanitazama usoni, kisha akatabasamu.

"Imepona," alisema. "Kumbe unaweza."

Nilicheza. Naona aibu kuandika, lakini nilicheza pale uani, nikizunguka kwa kisigino cha kushoto, nikipiga makofi. Niliamini nimeusikia mshipa ukirudi mahali pake. Jioni Bibi aliporudi Saumu alikuwa amekaa, ameshika mguu, akisema yuko tayari. Bibi akaridhia akimbie, kwa sababu alijua amepumzika wiki mbili. Alijua hivyo kwa sababu nilimwambia mimi.

Mashindano yalikuwa Jumamosi asubuhi, kwenye uwanja wa shule nyingine, mistari imechorwa kwa majivu. Bibi alivaa khanga mpya, nami nikavaa gauni jekundu, nikisema nalifanyia majaribio. Mizunguko ilikuwa miwili. Mzunguko wa kwanza Saumu alikuwa wa tatu na alikimbia vibaya, nyonga imepanda juu, mdomo umekazwa. Wa pili akampita mmoja, kisha akamfikia wa mbele kabisa, na Mwalimu Mapunda alikuwa anapiga filimbi bila sababu yoyote, kwa furaha tu. Kwenye kona ya mwisho, ule upande wa udongo mgumu, mguu wa dada yangu ulikunjika mahali pasipokuwa na goti.

Sitasema zaidi kuhusu nilichoona. Nitasema tu kwamba uwanja wote ulipiga ukunga na mimi sikupiga. Wengine walikuwa wanashangaa. Mimi nilikuwa nimeshausikia mfupa ule jana yake.

Hospitali walimvuta mfupa, wakamfunga plasta ngumu, ile watu waliyoiita hogo, kutoka pajani mpaka vidoleni. Alikaa nalo msimu mzima wa mvua. Wakubwa walikuwa na maelezo yao tayari. Ilisemekana kwenye ile kona kulifukiwa kitu na watu wa shule pinzani, na kuna aliyesema alimwona mwanamke akizunguka pale na ungo asubuhi na mapema. Wazazi wawili watatu walikwenda kufukua, wakapata kipande cha kitambaa, na kipande cha kitambaa kikatosha. Nami nilipoulizwa kama niliona mtu, nilitikisa kichwa kukubali. Mwalimu Mapunda alikuja mara moja na machungwa. Alikaa ukingoni mwa kiti, akitazama sakafu, na filimbi haikuwepo shingoni.

Treni ya Mbeya ilipita na watoto wa wilaya yetu ndani. Nilikwenda kwenye mnazi mfupi. Sijui nilikwenda kufanya nini. Watoto dirishani walinipungia kama watoto wote wanavyompungia yeyote, nami nikaweka mikono nyuma.

Bibi aliniuliza mara moja tu. Ilikuwa baada ya arobaini ya yule mzazi, tumekaa uani, yeye anapepeta mchele. Hakuinua kichwa.

"Ulimkanyaga dada yako?"

"Hapana, Bibi."

Akapepeta. Akatoa jiwe, akalitupa. "Haya," akasema.

Asubuhi iliyofuata yule fundi muashi mnene alikuja, ameshika kiuno. Nilikuwa nimeshaamka, nimeshajiandaa. Nikamsikia Bibi mlangoni akimwambia, "Mtoto amekua. Dawa imetoka miguuni. Kamtafuteni mwingine." Fundi alisikitika kwelikweli, hata akaniachia kitumbua chake. Tangu siku ile Bibi hakuniita tena uani, na hakunitazama tena miguu, hata nilipovaa viatu vipya. Alikufa nikiwa kidato cha pili, bila kurudi kwenye swali lake. Nilimwosha miguu kabla ya kuitwa waoshaji. Ndiyo njia pekee niliyoiona ya kumjibu.

Mguu wa Saumu uliunga vibaya, ukapungua urefu kwa upana wa vidole viwili. Hakukimbia tena. Akajifunza ushonaji, akawa fundi mzuri mno, leo ana vyerehani vitatu Mbagala na wasichana wanaomwogopa. Kila anaponunua kandambili au viatu, fundi humwongezea soli upande wa kulia. Kwa hiyo miguu yake ina sauti mbili, mmoja mwepesi, mmoja mzito, na mimi humsikia akija kabla hajafika kona. Najua hatua zake kuliko ninavyozijua za mume wangu. Kila nikizisikia, naanza kuhesabu.

Binti yangu nilimpeleka kwa daktari asubuhi baada ya ile jioni ya samaki, sikwenda kazini. Daktari alikuwa binti mdogo, aliniamkia shikamoo kabla ya kuuliza shida. Alimwambia mwanangu aonyeshe panapouma kwa kidole kimoja. Mwanangu akaonyesha. Nilitazama kile kidole, ugoko wa ndani, mahali ambapo kidole gumba kingepafunika.

"Mfupa wa mtoto anayekimbia sana bila kupumzika unachoka, mama," daktari alisema. "Unapata ufa mwembamba sana. Wakati mwingine hata picha ya kwanza haiuonyeshi. Hahitaji kuanguka wala kupigwa."

"Unavunjika wenyewe," nikasema.

"Taratibu, ndiyo. Na akiendelea kukimbia juu yake, siku moja unakatika kabisa. Lakini nyie mmewahi. Asikimbie wala kuruka wiki sita mpaka nane, ale vizuri, halafu arudi kidogo kidogo. Na asichuliwe hapo. Wazazi wengi wanachua."

"Na mtu akimkanyaga?"

Daktari alicheka. "Nani amkanyage tena, mama?"

Jumapili Saumu alikuja kumwona mgonjwa. Nilimsikia kutoka mbali, mwepesi, mzito, mwepesi, mzito. Alimletea mpwa wake sketi mpya na kumkaripia kwa kukimbia kama mwehu, kisha akamwambia pole, akambusu ule mguu. Baadaye tulibaki wawili barazani. Alijinyoosha, akashika kiuno. Kuchechemea miaka yote hiyo kumemla mgongo. Akavuta jamvi, akalala kifudifudi, akasema kama mtu anayeomba maji:

"Hebu njoo unikanyage."

"Dawa si ilitoka?"

"Bibi ndo alosema imetoka. Mie sikusema."

Nilisimama juu yake nikiwa nimevua viatu, na mguu haukuinuka. Nikamwambia alichosema daktari: ufa mwembamba, mfupa unaochoka, kwamba huenda ulikuwa umevunjika zamani kabla ya Ijumaa ile. Nilisema haraka haraka, kama nilivyokuwa nikisema *anacheza rede*. Alinisikiliza, uso umeelekea ukutani.

"Daktari hakuwepo," alisema.

"Dada, mie niliuachia ukuta. Ulisema nikanyage, lakini kuuachia ukuta nilitaka mwenyewe. Na nilisikia."

"Ulisikia nini?"

"Mlio."

Jirani alikuwa anaita kuku. Kisha Saumu akageuza shingo, akanitazama kutoka chini, na machoni mwake sikuona hasira. Niliona mshangao, kama wa mtu aliyekuta mwenzake ndani ya chumba alichodhani yuko peke yake.

"Miaka yote hii," alisema, "nilidhani niliusikia peke yangu."

"Ulijua? Na ukasema imepona?"

"We ulikuwa unanitazama vile, mdogo wangu. Ningesemaje?"

"Na ukakimbia."

"Treni," alisema. Akarudisha uso ukutani, akakunja pembe ya khanga yake, akaisogeza karibu na mdomo. Sidhani kama alijua anafanya hivyo. "Haya. Kanyaga."

Nilishika ukuta kwa mikono yote miwili. Nikashusha kisigino cha kushoto mgongoni kwake, taratibu, mpaka kikagusa tu. Nikasikiliza.